Tulivyofika Mutuini Baada ya Mafuriko



Mwanzoni mwa mwezi wa Mei 2024 sisi watu wa pwani tulikuwa tukiitazama bahari. Tulikuwa tumeambiwa kimbunga kinakuja, na wavuvi wakaonywa wasitoke. Kimbunga chenyewe kilipewa jina la Hidaya, neno ambalo kwetu ni tunu apewayo mtu kwa mapenzi, na wazee wa barazani walicheka kwa wasiwasi wakiulizana ni tunu gani hii inayoletwa na upepo. Wengine walikumbushana habari walizopokea kwa wakubwa wao, za tufani ya Unguja ya mwaka 1872, enzi ya Sayyid Barghash, iliyong'oa mikarafuu na kuvunja majahazi, ikawa ndiyo sababu Pemba kuipita Unguja kwa karafuu hadi leo. Hidaya alifika Mafia tarehe 4 Mei, akapungua nguvu. Sisi alitupitia kwa mbali, alhamdulillahi.

Kumbe maji yaliyokuwa yakiua watu wetu hayakutoka baharini, yalitoka mawinguni huko bara. Masika ya mwaka ule yalianza Machi na hayakupumua. Mito ya Nairobi ilifurika usiku, ikaingia majumbani Mathare na Mukuru. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili maji yalishuka Mai Mahiu yakachukua makumi ya watu wakiwa usingizini. Shule zilizotarajiwa kufunguliwa siku ile ile ziliahirishwa, zikaahirishwa tena, hadi tarehe 13 Mei. Kisha ikatolewa amri kwamba wakaao ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na nyumba zilizoachwa na maji zikabomolewa.

Akina mama wa mtaa wetu hawakukaa kimya. Baada ya darasa ya Alasiri walikubaliana wakusanye, na kwa siku nne ukumbi wa madrasa ukajaa magunia kumi na moja ya nguo. Wengine walileta pesa. Hapo likazuka swali lililotushughulisha usiku mzima: je, yafaa mtu kutoa zaka yake ikapelekwa Nairobi? Tuliwajibu kwamba katika kauli iliyo mashuhuri ya madhehebu yetu ya Shafi, zaka hugawiwa pale ilipo mali madamu wenye kuistahiki wapo, na kwetu wapo, tena wengi. Wako wanazuoni waliojuzisha kuihamisha kwa haja, lakini hatukupenda kuingiza amana za watu katika hitilafu. Basi zaka ikabaki nyumbani, na tukachukua sadaka, ambayo mlango wake ni mpana na haiulizi mpokeaji ni wa mji gani wala wa dini gani. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana lilikuja kutufaa.

Magunia tuliyatanguliza kwa basi. Sisi wenyewe, yaani mwandishi, mama wa nyumbani kwetu, na kijana mmoja mwalimu wa madrasa, tulipanda gari moshi Miritini asubuhi, tukashuka Syokimau, tukaingia mjini, tukasali katika msikiti wa Jamia. Ng'ambo za Athi nyika ilikuwa ya kijani kama shamba la mpunga. Hatujapata kuiona hivyo.

Katika kituo tulichoelekezwa kupeleka mizigo tulipokewa na binti mmoja wa kujitolea, mtandio kichwani na daftari mkononi. Alituamkia kwa adabu, akatufungulia mlango wa ghala ili tuone. Nguo zilikuwa zimefika darini. Akasema, "Sheikh, Mwenyezi Mungu awalipe, lakini nguo tunazo za kutosha mwaka. Watu hawana magodoro, hawana sufuria, hawana dawa ya maji, na wasichana hawana sodo." Tulijikunja kwa haya. Tulipofungua gunia moja mbele yake tulikuta viatu vya harusi, gauni la hariri, na suruali tatu nyembamba za kuvalia Mombasa. Nairobi ya Mei ni baridi inayopenya mifupani. Hakuna miongoni mwetu aliyepiga simu kuuliza kabla ya kukusanya. Tulikuwa tumetoa kile tulichotaka kitutoke kabatini.

Tukiwa na fedheha hiyo, mama wa nyumbani akakumbuka kwamba binti mmoja aliyesoma madrasa kwetu, aliyeolewa Nairobi na kufiwa na mumewe, alikuwa akikaa Mukuru. Tulikwisha sikia kwamba yu salama, "yuko kwa rafiki yake, Mutuini." Kwa kuwa alikuwa kwa rafiki, hatukumtia katika hesabu ya wenye shida. Tulikwenda kumjulia hali tu, na siku moja ilikuwa imebaki bure.

Mutuini iko upande wa magharibi wa jiji, katika Dagoretti Kusini. Matatu hushika Barabara ya Ngong, ikapinda Dagoretti Corner, ikapita Riruta na Waithaka, na kila inapokwenda ardhi inapanda na baridi inazidi. Unapofika uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na ukiwa mtu wa Mombasa kifua kinakwambia. Ni mahali pasipojua kama ni mji au shamba. Nyumba za kupanga za mawe za ghorofa mbili zimesimama pembeni mwa vyumba vya mabati. Baina yake kuna viraka vya sukuma wiki, migomba, na majani ya ng'ombe yaliyofungwa mafungu na kuuzwa njiani. Udongo ni mwekundu, na mvua ya wiki zile ilikuwa imeufanya uji. Kanzu yetu ilikuwa nyeupe mpaka hospitali ya Mutuini. Baada ya hapo hatutaki kuisema. Mbele kidogo ni soko la Dagoretti lenye machinjio yanayolisha Nairobi nyama, na ndiyo maana haikutushangaza kuwaona Waislamu njiani, maana kazi ya kuchinja huko kwa ada ya siku nyingi hushikwa na Waislamu ili kila mnunuzi aweze kula.

Jambo moja tulielezwa pale tukalishika. Mto Motoine huanzia pande hizi za Dagoretti, ukateremka kupitia Kibera hadi Bwawa la Nairobi, kisha ukaendelea kwa jina la Ngong hadi Mukuru. Mvua inayoanguka juu ya mapaa ya huku ndiyo inayogonga milango ya kule usiku. Yule binti alikuwa amepanda mlima kuyafuata maji yaliyomfukuza hadi yanakotoka.

Tulimkuta katika ua wa mama mmoja wa Kikikuyu, mkristo, mtu mzima aliyetupita umri, ambaye walijuana kwa kuuza mboga pamoja sokoni. Maji yalimwingilia binti yetu saa nane za usiku. Alitoka na watoto wake watatu na simu, akasimama juu ya ukuta wa jirani hadi kukacha. Siku chache baadaye chumba chenyewe kikabomolewa. Mtu wa kwanza aliyempigia simu alikuwa mama huyu, naye hakumuuliza swali ila moja: "Mko wangapi?" Walikuwa wanne. Akatoa vifaa vya shamba katika chumba cha uani, akatandika.

Mama wa nyumbani alipoingia jikoni aliona sufuria moja mpya imetundikwa peke yake ukutani. Akauliza. Mwenyeji akaona haya, akasema, "Hiyo ni ya huyu wangu. Sikutaka apike kwa sufuria iliyopikwa nyama nisiyoijua vile ilichinjwa." Alikuwa ameinunua siku ya pili, kwa pesa ya mboga. Tulikaa kimya kitambo. Tumefundisha vitabu vya adabu za mgeni kwa miaka mingi, na hatukumbuki kama tuliwahi kufikiria sufuria.

Lakini tulipomuuliza binti yetu hali, akajibu kama tulivyomfundisha: "Alhamdulillahi, Maalim, hatuna neno." Tukauliza tena, akajibu vile vile. Msomaji anaijua aya ile ya Suratul Baqara iwasifuyo mafakiri ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Tumeifasiri mara nyingi. Siku ile tulikuwa sisi ndio wale wasiojua. Ikabidi mama wa nyumbani amchukue kando, wakae wawili chumbani, na yaliyosemwa humo yaliletwa kwetu kwa kadiri ya ruhusa yake.

Orodha za misaada ziliandikwa makambini na katika shule walikolala waliofurikiwa. Yeye hakulala huko, kwa hiyo hakuandikwa mahali popote. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilikwenda na maji. Shule zimefunguliwa, na mtoto mkubwa alikuwa hajarudi kwa sababu sare na vitabu havipo na nauli ya kutoka Mutuini hadi shule yake ni ya matatu mbili. Na juu ya yote hayo kilichomkosesha usingizi kilikuwa kingine. Alisema, "Nimekula kwa watu siku ishirini. Ng'ombe wa mama ni mmoja, na maziwa aliyokuwa akiuza wanangu wanayanywa. Hanambii kitu. Bora angeniambia."

Tukamwuliza basi anataka nini. Hakutaja godoro wala unga. Akasema, "Mtafutieni yeye."

Usiku ule tulipiga simu Mombasa. Nguo zile zilikuwa amana, na amana haibadilishwi bila idhini ya mwenyewe, kwa hiyo tuliomba ruhusa kuziuza na kuutumia uthamani wake. Karibu wote waliridhia, baadhi yao kwa kicheko, maana walijua wenyewe walichotia magunia. Mmoja alikataa buibui la marehemu mama yake lisiuzwe, alitaka livaliwe. Binti yetu alilivaa kesho yake, nalo lilimfika kama alilokatiwa.

Kazi iliyofuata haikuhitaji pesa nyingi. Ilihitaji mtu wa kusimama kwenye foleni. Kijana wetu aliakhirisha safari yake siku tatu. Alikwenda naye kwa chifu kupata barua, kisha kuomba nakala za vyeti vya kuzaliwa, akabeba mtoto mdogo, akangoja, akaambiwa arudi, akarudi. Shuleni alizungumza na mwalimu mkuu, na mtoto akapokewa kabla sare haijakamilika. Tunalitaja hili kwa akina mama ambao walituambia hawana cha kutoa: mna saa mbili za asubuhi, mnajua kusoma fomu, na mnajua kuongea na karani bila kutetemeka. Mwenye vijana wanaotaka kujifunza kazi hii kwa utaratibu na awapeleke katika tawi la Msalaba Mwekundu lililo karibu naye. Chama hicho kiko nchini tangu 1965, hufundisha huduma ya kwanza na uokozi, na namba yake ya dharura, 1199, hupigwa bila malipo. Na mwenye kutaka kutuma pesa kwa simu, asitume kwa namba iliyomfikia katika kundi la gumzo hata ikiwa na picha ya kuliza. Aulize akaunti ni ya nani na nani hutoa stakabadhi. Na zile picha za wajane wakikabidhiwa unga, tunaomba msitutumie tena kwa kuchapishwa hapa. Binti yetu hatukumpiga picha, na wala hatukuandika jina lake.

Ama mwenyeji wake, alituchosha. Tulimpa bahasha akairudisha. Tukampa tena kwa mkono wa mama wa nyumbani, akaikunja akaitia katika mkoba wa binti yetu bila sisi kujua, tukaambiwa baadaye kwa simu. Akasema yeye hakufungua hoteli. Mwisho kijana wetu, ambaye babu zake walikuwa wafugaji wa Tana, akatazama zizi akauliza ng'ombe analishwa nini. Hapo ndipo mama yule alipofunguka. Alieleza kwa urefu bei ya chakula cha ng'ombe na jinsi mvua ilivyoozesha majani. Tukaenda naye dukani. Alichagua mwenyewe, akabishania bei kuliko sisi, akakubali magunia mawili, na kwa mara ya kwanza akatushukuru.

Tuliporudi, hesabu ilisomwa mbele ya akina mama wote, mstari kwa mstari: kodi ya miezi mitatu ya chumba Waithaka, ambako binti yetu amehamia karibu na mwenyeji wake, sare na vitabu, magodoro mawili, nauli za kijana, blanketi na sodo tulizonunua na kuziacha katika kile kituo cha mjini. Ulipofika mstari wa chakula cha ng'ombe, mama mmoja akainua mkono akauliza kama hiyo nayo ni sadaka. Kabla hatujatafuta hadithi ya kujibia, mwenzake aliyeketi nyuma akamwambia, "Watoto wanakunywa maziwa, wee unadhani yanatoka wapi?" Mweka hazina akaandika. Salio ni shilingi 2,300, na Jumatano baada ya Alasiri tutakutana kuamua.