Chakula cha Kusubiria Pantoni

Kijana wa Kibiti aliyezaliwa baada ya Agosti 2003 haijui Ndundu ya kusubiri pantoni. Kwake Ndundu ni jina linalopita dirishani gari linapokaribia Daraja la Mkapa, lililochukua nafasi ya pantoni mwezi huo, na njaa ya safari ni jambo la kumalizwa dukani: pakiti ya biskuti, juisi ya ukwaju iliyotoka kwenye friji, na tambi za pakiti za kupeleka nyumbani. Akiambiwa kwamba Rufiji ilikuwa na vyakula vilivyokuwa tayari kuliwa kabla ya rafu za duka, tena vya aina nyingi kuliko vya pakiti, huona ni maneno ya wazee. Si wa kulaumiwa, kwa sababu hata wazee wenyewe hueleza kuhama kutoka vyakula hivyo hadi pakiti kwa sababu isiyo yake. Husema maisha yameenda mbio, watu hawana muda wa kupika, basi pakiti ikaingia. Naona historia ya bonde hili inakataa maelezo hayo. Hapa chakula cha tayari hakikuzaliwa na haraka, kilizaliwa na kusubiri. Na kilichokiondoa ni hesabu ya nani abebe hasara ya kisichouzwa.

Kusubiri kulikuwa ndiyo kazi kubwa ya mtu yeyote aliyetembea Rufiji. Basi la kusini lilifika ukingoni likakuta magari mengine yamepanga foleni, na pantoni ilivuka machache kwa zamu. Masika mto ukijaa, haikuvuka kabisa, na barabara yenyewe ya tope ikakata mawasiliano ya kusini kwa majuma. Upande wa delta, mtu wa Nyamisati aliyekuwa anakwenda Mafia, au wa Mbwera na Salale aliyekuwa anarudi kwake, hakuuliza saa, aliuliza maji. Yakipwa, chombo kilikaa kwenye tope la mikoko na abiria wakakaa nacho. Hata mkulima alikuwa msubiri. Tangu watu walipohamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba ya mpunga yalibaki mbali na nyumba, na msimu ukifika familia zilihamia kwenye madungu, vile vibanda vya miguu mirefu, kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Mahali penye watu wengi wasioweza kuondoka pana soko la chakula.

Ndundu palikuwa na soko la namna hiyo, na hapo ndipo inafaa kukaa kidogo. Harufu ilitangulia macho: mafuta ya nazi yaliyochemka kwenye karai, si mawese wala alizeti, yenye utamu kidogo na moshi, na ndani yake perege waliopakwa chumvi na pilipili wakageuzwa hadi mkia unavunjika kama bisi. Kambale hawakukaangwa tu. Walibanikwa juu ya chanja tangu jana yake, wakawa weusi nje na laini ndani, wakauzwa kwa vipande vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Walioleta bidhaa kutoka delta walikuwa na kambamiti wakavu kwenye vikapu vya ukindu. Kisha mkate wa mchele, uliosagwa kwa mchele uliolowekwa usiku, ukakandwa kwa tui zito na iliki, ukachacha, ukaokwa kwa moto juu na moto chini. Ulikatwa vipembe kwenye sinia na kufunikwa kwa kawa, na kawa ilipoinuliwa mvuke wa nazi ndio uliofanya biashara, muuzaji hakuwa na haja ya kupiga kelele. Vitumbua, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kashata za nazi, korosho zilizobanguliwa nyumbani na kufungwa kwa kipimo cha kikombe. Mlaji hakuchagua kwa jina lililoandikwa wala kwa picha ya pakiti. Alichagua kwa kumjua mama aliyekaanga, na utingo wa mabasi ndio waliokuwa wahakiki: walipita mara nyingi, walijua nani huchanganya mafuta ya jana, na abiria walifuata walikokaa wao.

Katika vyote hivyo, ningeipa pepeta nafasi ya kwanza. Hutengenezwa kwa mpunga ambao haujakauka shambani, katika majuma ambayo ghala la mwaka uliopita limekwisha na mavuno hayajaanza. Mpunga hukaangwa kwenye chungu, hutiwa kinuni ungali moto na kutwangwa kwa michi miwili au mitatu inayopokezana, kabla haujapoa ukawa mgumu. Kinachotoka ni punje bapa, za kijani kibichi kidogo, zenye harufu ya majani na moshi. Huliwa kavu, au kwa nazi iliyokunwa na sukari, au hutiwa tui. Haihitaji jiko wala maji ya moto, hukaa siku nyingi na hushibisha. Vitu hivyo hivyo ndivyo nafaka za asubuhi za maboksi husifiwa navyo kwenye matangazo ya miji mikubwa, na bonde la Rufiji lilikuwa navyo bila boksi.

Kuna wanaoamini kwamba sinia hizi za vyakula zilishamiri kwa kuwa watu walikuwa maskini na maduka hayakuwapo. Tarehe zinasema vingine. Maduka yalikuwapo Kibiti, Ikwiriri, Utete na Muhoro, ya Waarabu na ya Wahindi, kabla na baada ya uhuru. Mwaka 1976 maduka binafsi ya vijijini yalifungwa ili ya ushirika yashike nafasi. Mwaka 1984 milango ya bidhaa za nje ikaanza kufunguliwa. Kati ya miaka hiyo miwili, kila anayekumbuka foleni ya sukari anajua rafu zilivyokuwa. Tusizitegemee tarehe kupita kiasi, maana uhaba haukuja siku moja wala kuondoka siku moja. La maana ni kwamba katika kipindi hicho duka lilikuwa tupu na sinia ilikuwa imejaa. Unga wa ngano ulipokosekana, mchele wa bonde ulikuwapo. Mafuta ya kopo yalipokosekana, nazi ilianguka yenyewe. Sukari ndiyo iliyosumbua, na kashata za miaka hiyo zilipungua utamu. Basi biashara hii haikuishi kwa huruma ya duka. Malighafi yake ilitoka umbali wa kutembea.

Daraja lilipofunguliwa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, kusubiri kukaisha mchana mmoja. Hakuna mwenye akili anayeililia pantoni. Watu walizama, wagonjwa walifia foleni. Lakini soko la Ndundu lilikufa pamoja nayo, na wauzaji wakasogea Ikwiriri na Kibiti, kwenye stendi, ambako basi husimama dakika chache au halisimami kabisa. Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Ukingoni, mama aliyekaanga samaki thelathini alijua foleni itawala. Kama si basi hili, ni lile. Stendi haina ahadi hiyo. Mkate wa mchele usiouzwa hadi jioni ni hasara yake, na samaki wa kukaanga naye hasubiri kesho. Akienda kuomba msaada wa duka, hupewa masharti ya mali kauli: acha maandazi yako kwenye ndoo yenye mfuniko, jioni njoo uchukue pesa ya yaliyouzwa na uondoke na yaliyobaki. Mwenye duka huyo huyo biskuti huzinunua kwa katoni, mara nyingi kwa fedha taslimu, kwa sababu anajua zitakaa miezi bila kumtia hasara. Kwa hiyo kiwanda hulipwa kabla bidhaa haijaliwa, na mpishi hulipwa baada ya kuliwa, ikiwa imeliwa. Mlaji hakuulizwa. Alikuta rafu imeshaamua.

Hoja ya kwanza ya kupinga ni usafi, na ina uzito. Samaki aliyekaa juani stendi, mafuta yaliyorudiwa, inzi wa masika na kipindupindu si hadithi. Lakini kama usafi ungekuwa ndio sababu, vilivyotoweka vingekuwa vile vinavyoguswa na mikono zaidi, na vilivyobaki vingekuwa vya kufungwa. Tazama kilichobaki barabarani kuanzia Mkuranga, Bungu hadi Ikwiriri: korosho, kashata, machungwa ya kumenywa. Havikubaki kwa usafi kuliko mkate wa mchele uliookwa asubuhi. Vilibaki kwa sababu kisichouzwa leo kitauzwa kesho. Hoja ya pili ni ya wanawake. Husemwa kwamba anayesifu vitumbua hajawahi kuamka saa tisa usiku kukuna nazi, na pakiti imempumzisha mama. Hilo nalikubali nusu. Aliyetwanga pepeta alistahili kupumzika, na ndiyo maana pepeta imeadimika ingawa haiozi: michi mitatu inahitaji wanawake watatu wasiolipwa. Ila aliyeacha karai hakwenda kulala. Wengi wako stendi ile ile, na sinia ile ile, wakiuza maji ya chupa na biskuti ambazo faida yake imeshapangwa na wengine. Zamani ujuzi ulikuwa mtaji wao, na ujuzi huo rafu haiununui.

Tuzihukumu basi na pakiti zenyewe kwa haki. Juisi za matunda zina sifa: kiwanda cha Bakhresa kiko Mwandege, Mkuranga, kwenye barabara hii hii, na baridi yake mchana wa Kibiti haina mpinzani, ijapokuwa sukari imezidi. Tambi za pakiti hupikwa upesi na watoto huzipenda. Ukiondoa kifuko cha chumvi na viungo, hubaki ngano isiyo na ladha ya kitu chochote. Biskuti ni za kuzuia njaa, hazishibishi, na yeyote aliyezila tatu anaijua ya nne. Kinachoudhi zaidi kiko upande wa pili wa pakiti, kwenye orodha ya viungo: ngano, ambayo nchi huagiza kwa sehemu kubwa, na mawese, ambayo nayo mengi hutoka ng'ambo. Hayo yanauzwa katikati ya minazi. Korosho ya mkulima wa Kibiti hupita kwenye stakabadhi ghalani, hupigwa mnada ikiwa na maganda, na nyingi huvuka bahari kwenda Vietnam na India kubanguliwa. Mkulima akishalipwa, hununua pakiti ya karanga.

Miaka iliyofuata baada ya daraja haina mengi ya kusimulia. Lami ilifika hadi kipande cha mwisho cha Ndundu na Somanga, umeme ukaleta friji, bodaboda zikafikisha katoni vijijini. Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, jambo jema, ila vifungashio vya viwandani viliendelea kuruhusiwa, na aliyeachwa akitafuta karatasi ni muuza kashata. Mwaka huo huo usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia shirika la viwango, TBS. Mafuriko ya Aprili 2024 yakazika mpunga wa wengi, na bwawa la umeme lililojengwa huko juu likaanza kubadilisha tabia ya mto wenyewe.

Dawa inayotajwa sana ni mikopo. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na shirika la viwanda vidogo, SIDO, lipo tangu 1973 kufundisha usindikaji. Vyote vizuri, lakini vinajibu swali ambalo halikuulizwa. Mkopo humpa mpishi mtaji wa kutengeneza zaidi, yaani hasara kubwa zaidi jioni. Anachokosa ni mnunuzi wa uhakika aliyekuwa akipatikana ukingoni. Wanunuzi wa namna hiyo wapo: shule za bweni zinazotoa uji asubuhi, vituo vya afya, kampuni za mabasi ya Lindi na Mtwara, boti za Mafia pale Nyamisati. Wakiagiza leo idadi ya mikate ya kesho, na wakailipa yote, mkate wa mchele utarudi Kibiti bila semina. Na duka linaloweza kulipia katoni kumi za biskuti kabla ya kuziuza linaweza kulipia vitumbua hamsini asubuhi. Lisipofanya hivyo, lisiseme wateja hawavitaki.