Kamera nzuri ni ile itakayokuachia picha mkononi

Mpenzi msomaji, hebu inuka kidogo ukatafute picha ya mzazi wako. Sisemi iliyo ndani ya simu. Nasema ile ya karatasi, unayoweza kumpa mtoto aishike. Ukiipata, mshukuru Mungu. Mimi niliitafuta hapa Garissa mwaka 2011, siku chache baada ya kumzika baba, na sikuipata.

Si kwamba hatukuwa na kamera. Mwaka 2008 nilijinyima nikanunua kamera ndogo ya dijitali, ile ya kutia mfukoni. Muuzaji alinisifia kitu kimoja tu: megapikseli. "Hii ni kumi, dada, nyingine zote hapa ni saba," akaniambia, nami nikavimba kichwa. Tulimpiga baba picha akinywa chai ya maziwa ya ngamia. Tukampiga akiwa amempakata kitinda mimba wangu, akicheka hadi pengo lake likaonekana. Zote zikakaa ndani ya kadi. Kila mwisho wa mwezi nilisema nitazipeleka zikachapishwe, na kila mwisho wa mwezi kulikuwa na karo. Kisha siku moja kadi ikakataa kusomeka. Fundi alijaribu, akanyoosha mikono.

Basi sura ya baba ikabaki mahali pamoja tu, kwenye kitambulisho. Nawe wajua kwamba mtu akifa, kitambulisho chake hurudishwa serikalini wakati wa kuandikisha kifo. Nilikimbia kukitoa fotokopi kabla hakijaenda. Karatasi hiyo ndiyo ninayowaonyesha wanangu: mzee mweusi kama wino, asiyecheka. Kwa wazee wetu wengi wa Kaskazini Mashariki, picha ilikuwa jambo la ofisi. Waliopitia msasa wa Wakenya Wasomali mwaka 1989 wanajua uzito wa kadi yenye jina na sura yako. Lakini sura hiyo haikupigwa kwa ajili ya wajukuu.

Ndiyo maana nakusihi, ukienda kununua kamera ya jamaa, usianze na megapikseli. Picha ya kawaida ya albamu, inchi 4 kwa 6, yatosheka na megapikseli 2 na ushei. Ya kutundika ukutani, inchi 8 kwa 10, haihitaji zaidi ya 7 au 8. Badala yake, uliza haya.

Kwanza, betri. Zile za kamera yenyewe hudumu, lakini chaja ikipotea uko safarini Modogashe utafanya nini? Kamera inayotumia betri za kawaida za AA haikuachi njiani, maadamu kuna duka. Ukiweza, nunua za AA zinazochajiwa.

Pili, zumu. Ya kweli ni ile inayofanywa na lenzi yenyewe. Ile inayoitwa ya dijitali hukata tu kipande cha picha na kukikuza. Usiilipie hata shilingi.

Tatu, flashi. Chagua kamera ambayo waweza kuiamuru iwashe flashi hata mchana. Jua letu la saa saba huangaza kanzu nyeupe, likaacha macho gizani. Flashi kidogo huurudisha uso.

Nne, toka nayo nje ya duka. Washa kioo chake juani uone kama waona kitu kingine zaidi ya uso wako mwenyewe. Kama ina kitundu cha kuchungulia, heri zaidi.

Tano, vumbi. Lenzi nyingi hutoka na kurudi kama kichwa cha kobe, na chembe moja ya mchanga yaweza kuikwamisha. Iweke ndani ya mfuko unaofungika, wala usiiache garini kwenye joto.

Utaniuliza, "Mama, kamera ya nini ilhali kila mtu ana simu?" Ni swali la haki. Mwaka 2010 viwanda vilitoa kamera ndogo zaidi ya milioni 100. Kufikia mwaka 2020 hazikufika hata milioni 5. Huenda utakayoipata ni ya mkono wa pili, kwa hiyo ijaribu kila kitufe kabla ya kutoa pesa. Na kama simu ndiyo uliyo nayo, itumie, mradi picha zichapishwe.

Lakini nyumbani kwetu kamera ina heshima yake. Harusini, wanawake wakiwa peke yao, buibui huvuliwa na nywele huonekana. Picha ya simu yaweza kufika Eastleigh kabla bibi harusi hajamaliza kula. Kamera isiyo na intaneti hurudi kabatini, na picha hukaa kwa wenyewe. Hata hivyo, omba ruhusa kwanza. Wapo wasiopenda, na hiyo ni haki yao.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Chapisha, na usiweke yote mahali pamoja. Mto Tana ulipofurika mwaka 2024, watu walibeba magodoro na sufuria, si albamu. Mimi siku hizi huchapisha nakala mbili: moja hukaa hapa, nyingine kwa dada yangu Mombasa. Zilizo ndani ya kadi nazo hunakiliwa kwenye kompyuta. Kadi ni mfuko wa kubebea, si ghala.

Mama yangu yu hai, alhamdulillahi. Sikukuu ya Idd iliyopita nilimwelekezea kamera, akajifunika uso akisema uzee hauna picha. Wajukuu wakamchekesha, nami nikabofya. Juma hilo hilo nikampelekea karatasi. Aliitazama kitambo, akaigeuza nyuma, akaitazama tena. Kisha akaomba nyingine, akaifunga kwenye pembe ya mtandio wake.

Wewe je, msomaji? Usingoje kamera ya bei ghali. Iliyopo nyumbani ina picha ngapi ambazo bado hazijaona karatasi? Kesho ni Jumatatu, maduka yatafunguliwa.