Manowari na Somo Zake

Jina ni urithi ambao kadhi hana kazi nao. Maskini huweza kumwachia mjukuu wake jina zuri, na tajiri huweza kufa akaacha jina lisilotakiwa na mtu. Katika pwani yetu mtoto aghalabu hupewa jina la babu au bibi, na wawili hao huwa somo. Mimi nina jina la babu mzaa baba. Nilipokuwa mdogo, wazee wa nyumba yetu walinikanya, lakini hawakunitukana kwa jina, maana tusi hilo lingemfikia marehemu kaburini. Nami nilipokosa niliambiwa kuwa namwaibisha somo yangu. Hivyo nilifahamu mapema kwamba apewaye jina hupewa heshima na deni pamoja.

Mataifa yenye nguvu baharini yana desturi iliyo karibu na hiyo. Manowari ikizama au ikizeeka, jina lake hupewa nyingine mpya ili sifa isikatike. Neno manowari lenyewe tulilipata katika Kiingereza cha mabaharia, tukaita hivyo kila merikebu ya vita iliyotia nanga mbele yetu. Wenyewe walikuwa na jina kwa kila merikebu. Sisi tuliokabiliwa na mizinga tulikuwa na jina moja kwa zote.

Tazama jina la Leipzig. Merikebu ya kwanza ya Kidachi yenye jina hilo katika habari hii iliteremshwa majini mwaka 1875. Mwaka 1888 kampuni ya Kidachi ilichukua forodha za Mrima kwa mkataba na Sultani Khalifa, na watu wa pwani wakainuka: Bushiri bin Salim alitoka Pangani, Bwana Heri alikuwa Saadani. Mwezi wa Septemba vita vilifika Bagamoyo. Leipzig ilishusha mabaharia zaidi ya 200, na watu wengi wa upande wetu waliuawa.

Leipzig ya pili iliteremshwa mwaka 1905. Tarehe 8 Desemba, 1914, ilizamishwa karibu na visiwa vya Falkland, mbali sana nasi, na katika watu wake wote waliokoka 18 tu. Ya tatu iliteremshwa mwaka 1929, ikatoswa baharini mwaka 1946. Katika manowari mbili za Kiingereza zilizoizamisha ile ya pili, moja iliitwa Glasgow.

Jina hilo si geni Unguja. Baada ya tufani ya mwaka 1872 kuvunja merikebu zake, Sultani Barghash alipendezwa na manowari ya Kiingereza iliyoitwa Glasgow. Akaagiza ya mfano wake, ikaundwa mwaka 1878, akaipa jina lilo hilo. Somo huyu alipatikana kwa mapenzi. Walakini tarehe 27 Agosti, 1896, Khalid bin Barghash alipokatazwa kiti cha enzi, Waingereza waliizamisha Glasgow ya Sultani katika vita visivyotimiza saa moja. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji mpaka mwaka 1912. Maana yake ni kwamba mwaka 1909, Waingereza walipoteremsha Glasgow yao nyingine, ile iliyokuja kupigana na Leipzig, milingoti ya somo yake ilikuwa ingali ikionekana kutoka Forodhani. Baada ya hiyo ziliteremshwa nyingine mwaka 1936, mwaka 1976 na mwaka 2022.

Mtu aweza kusema kwamba chuma hakina dhambi, wala merikebu mpya haiulizwi matendo ya ile ya kale. Ni kweli. Lakini kama haiulizwi matendo, mbona hurithishwa sifa? Sisi tukimpa mtoto jina, tunamkabidhi yote mawili. Manowari hukabidhiwa sifa peke yake, na deni huachwa ufukoni.

Bagamoyo deni hilo laonekana kwa macho. Karibu na bahari yapo makaburi ya Wadachi wapatao 20, na majina yao yameandikwa. Si mbali na hapo lipo jiwe la ukumbusho mahali walipotundikwa Waafrika waliopinga utawala wao, nalo halitaji jina hata moja. Nimesimama hapo na wanafunzi wangu mara kadhaa. Mmoja aliniuliza waliokufa siku ile ya Leipzig waliitwa nani, nami sikuwa na jibu la kumpa katika vitabu.

Tangu hapo kila mwaka huwapa wanafunzi watokao Bagamoyo, Saadani na Pangani kazi moja: wamwulize mzee wa nyumba jina lao lilitoka kwa nani, na huyo alilipata kwa nani, mpaka kumbukumbu ikome. Wengi hukoma kwa babu wa babu. Wachache hufika kwa mtu ambaye wazee humsema kwa sauti ya chini, kwamba alitoka nyumbani wakati wa vita vya Wadachi asirudi. Mtu huyo hana kaburi wala jiwe, lakini jina lake limo katika daftari la mahudhurio, na mwenye kuliitikia huketi mbele yangu. Nikiita majina asubuhi, siharakishi.