Mama wa Faza, Baba wa Pate
Tulikuwa sita na mtembeza watalii wetu, kila mtu na baiskeli ya kukodi. Yangu breki zililia kama paka. Mbele ya Fort Jesus akatuambia Wareno waliianza kuijenga mwaka wa 1593, Waomani wakaizingira tangu 1696 hadi 1698. Akashika usukani, twende!

“Mjomba, na Waswahili je?” nikamwita.

Akateremka. Kumbe wengi walikuwa ndani pamoja na Wareno! Tauni ilipowafyeka, ngome ikaongozwa na Bwana Daud wa Faza. Watu wa Pate nao walikuwa nje, na Waomani.

Salaale! Mama yangu ni wa Faza, baba wa Pate. Ndia Kuu niliipita polepole, wenzangu wakinipigia kengele. Nami wapi! Nilikuwa nikipanga nimuulize nani kwanza.