Risasi ya Tano

Kizazi changu hakikushika bunduki JKT. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994, na yaliporejeshwa 2013 wengi wetu tulikwisha kuwa na familia. Bunduki yangu ya kwanza niliishika ugenini, magharibi mwa Norway, nilikokuwa nikisomea uzamivu. Mwenyeji wangu, mzee mstaafu, alitaka nifuatane naye kuwinda ayala.

Nilidhani tungekwenda Jumamosi ile ile. Kumbe kule mwindaji huanzia darasani: kozi ya saa 30 na mtihani wake, kisha kila mwaka mtihani wa shabaha kwa anayewinda wanyama wakubwa. Kabla ya mtihani huo sharti upige risasi 30 za mazoezi. Halafu unapewa 5, kwa umbali wa mita 100, na zote 5 ziingie ndani ya duara lenye kipenyo cha sentimita 30. Isitoshe, anayewinda ayala lazima awe na uhakika wa kumpata mbwa aliyefunzwa kumfuatilia mnyama aliyejeruhiwa.

Niliingiza 4. Ya tano ilipita nje kwa upana wa vidole viwili. Chuoni kwangu 4 kwa 5 ni asilimia 80, nami humpa mwanafunzi daraja A kwa furaha. Msimamizi aliandika kwamba nimeshindwa, akamwita mwingine. Garini mzee akaniambia: “Ile ya tano si alama uliyopoteza. Ni mnyama anayekimbia na taya lililovunjika.”

Basi nikarudi uwanjani majira yote ya kiangazi. Nilijifunza kutoa pumzi nusu na kuibana iliyobaki, na kukivuta kifyatulio polepole bila kukishtua. Nilifaulu mtihani, nikapata kiburi, nikaomba kujaribu mita 300. Kwa umbali huo risasi husafiri karibu nusu sekunde, na bunduki iliyorekebishwa kwa mita 100 huiangusha zaidi ya sentimita 30 chini ya ulipolenga. Upepo wa kando nao huisukuma, na katika nusu sekunde hiyo mnyama aweza kupiga hatua. Mita 100 nilikuwa fundi. Mita 300 nilikuwa mcheza kamari. Mzee alinitaka niandike daftarini umbali ambao sitauvuka. Niliandika 150, kwa shingo upande.

Nilimkumbuka babu yangu, Sikonge, na gobore lake. Ilimlazimu amnyemelee mnyama karibu mno, kwa kuwa gobore lenyewe lilimwekea mpaka. Darubini haimwekei mtu mpaka wowote. Humwonyesha hata sikio linavyotikisika, akadhani anachokiona anaweza pia kukifikia.

Hapo ndipo jambo jingine liliponirudia. Kabla ya kuondoka nyumbani nilikuwa mmoja wa walioandika ripoti ya ushauri kuhusu kuhamisha vijiji vilivyopakana na hifadhi. Tulikuwa na ramani nzuri, picha za setilaiti na majedwali, na takwimu zetu nyingi zilikuwa sahihi. Sikukanyaga hata kijiji kimoja. Kaya ambazo jedwali lilikosea kuzihusu sikuziuliza zilikwenda wapi, na hakuna aliyenidai jibu. Nililipwa, nikapongezwa, nikapata barua ya kunisaidia kupanda cheo. Ripoti yetu haikuwa na mbwa wa kufuatilia.

Oktoba tulipanda mlimani. Asubuhi ya pili ayala dume alitoka msituni, akasimama ubavu, ng'ambo ya bonde. Kipima umbali kilisoma mita 280. Nilimwona vizuri kabisa, hata mvuke wa pumzi yake. Nililaza shavu kwenye kitako cha bunduki, nikahesabu upepo, nikahesabu tena. Mzee hakusema neno wala hakunitazama. Nikairudisha komeo ya usalama, nikakaa chini.

Dume lile lilisimama pale dakika nyingi, likila. Mzee akafungua chupa ya chai, akanimiminia kikombe cha kwanza.