Tusimlaumu Aliyesimama

Akina mama wenzangu, rubani anayetua salama hupigiwa makofi. Anayekataa kupaa huambulia lawama.

Niliwahi kumsindikiza mgonjwa kwa ndege kwenda hospitali ya rufaa. Tulikuwa tayari mbioni kupaa, mara breki zikashikwa kwa nguvu, sote tukainama mbele. Hakuna aliyeumia. Hasara ilikuwa ndogo: breki zilipata joto kali na matairi mawili yakaisha upepo. Magurudumu ya ndege kubwa yana vizibo vinavyoyeyuka joto likizidi, ili upepo utoke kabla tairi halijapasuka. Hata hivyo, manung'uniko yalikuwa mengi. "Rubani mwoga huyu!" alisema baba mmoja, nasi tukasubiri hadi jioni.

Kumbe kabla ya kila safari marubani hupiga hesabu ya mwendo wa uamuzi. Kabla ya kuufikia, hitilafu kubwa ikitokea, wanaweza kusimama. Wakishaupita hupaa tu, maana njia iliyobaki huenda isitoshe kusimama. Tarehe 8 Septemba 2015, huko Las Vegas, Marekani, injini ya kushoto ya ndege aina ya Boeing 777 iliyokuwa ikienda London iliharibika na kushika moto ikiwa bado mbioni. Rubani alisimamisha. Watu wote 170 waliokuwamo walitoka hai.

Hata wodini tunayaona haya. Mama amekopa nauli, mtoto hajala tangu usiku, yuko tayari kwa upasuaji. Asubuhi mtaalamu wa usingizi anasikiliza kifua, anasikia kinakoroma, anaahirisha. Mama hulia kwa hasira, na ninamwelewa. Nauli ile ni ya jasho. Lakini mtoto mwenye mafua na kifua akipewa dawa ya usingizi, njia yake ya hewa huweza kubana ghafla. Ni heri kusimama kabla hajalazwa mezani.

Basi dada yangu, ukiambiwa "leo haiwezekani", usiondoke kwa hasira. Uliza sababu. Uliza tarehe ya kurudi, na dalili zipi zikuharakishe kurudi mapema. Kisha uliza kama mtoto anaweza kula sasa, maana ana njaa tangu jana. Nauli ni ngumu, lakini hutafutwa tena.