Sahani ya Harusi na Amana Iliyomo



Huenda nawe unayo kabatini sahani ya DVD ya harusi au ya maulidi, iliyorekodiwa nyumbani, nawe watamani kutoa humo japo picha moja ya mtu aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Mimi yamenifika hayo, na yaliyonipata nakusimulia ili nawe upate kujihadhari.

Mwaka 2007 tulimwoza binti yetu hapa Tanga. Upande wa wanawake alirekodi mwanamke, ikatoka sahani moja tu, na ahadi ikawa itakaa kwetu. Mke wangu, Mola amrehemu, hakuwa mtu wa kupigwa picha. Alipofariki mwaka 2019 hatukubaki na sura yake ila ile ndogo ya kitambulisho. Ndipo mwanangu akanikumbusha ile sahani.

Niliichukua hadi kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha kompyuta. Akanyoosha mkono: "Niachie, Sheikh, uje kesho." Nami nilikwisha kuitoa mfukoni. Mara nikakumbuka kuwa humo hamna mke wangu peke yake. Wamo majirani zetu na wake wa wanafunzi wangu, vichwa wazi, wakicheza, kwa kuwa waliambiwa hapana mwanamume atakayewaona. Miaka arubaini nawasomesha watu habari ya amana, nami nusura niiache juu ya meza ya mtu! Niliona haya, nikarudi nayo nyumbani.

Kazi ikafanywa na mjukuu wangu, binti wa bibi harusi yule yule, nami nimekaa nyuma ya kompyuta nisikione kioo. Kwanza alinakili sahani nzima kabla ya kukata chochote, kwani sahani iliyochomwa nyumbani huhifadhi yaliyomo katika tabaka la rangi, nalo jua na joto hulila kidogo kidogo. Ndani yake mna folda iitwayo VIDEO_TS, yenye mafaili yaishiayo kwa VOB. Humo ndimo zilimo picha na sauti. Sahani za nyumbani aghalabu hazina kufuli, basi kunakili hakukuwa na taabu.

Kisha akayafungua kwa programu ya VLC, akasimamisha, akasogeza picha moja moja kwa herufi E, kwani kila sekunde ina picha 25. Alipoipata aitakayo akabonyeza Shift pamoja na S, ikahifadhika. Walakini usitaraji makubwa: picha hiyo ni nukta 720 kwa 576, ukiikuza sana hufifia. Tena chagua pale mtu alipotulia, kwani akiwa katika mwendo kingo zake hutoka mistari kama meno ya kitana. Kipande cha video alikikata kwa Avidemux bila kukigeuza upya, ili ubora usipungue.

"Babu, njoo utazame. Hapa wapo Bibi na Mama tu."

Nikainuka. Alikuwa akimweka sawa binti yetu mtandio, akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Ndugu msomaji, nilikuwa nimeisahau ile tabia yake ya kuziba mdomo anapocheka. Sekunde tisa tu, nami nilimwomba mjukuu wangu anirudishie mara nyingi, wala hakuuliza kwa nini.

Picha ile na kile kipande tuliwapelekea watoto wake, na tukawasihi wasivitoe nje ya nyumba zao. Sahani imerudi kabatini, na ufunguo anao binti yangu.

Basi nawe, kabla hujaitoa yako, jiulize ni nani wengine waliomo, na kwa ahadi gani walikubali kurekodiwa. Kompyuta hukata popote uiambiapo. Haijui stara ya mtu. Hiyo waijua wewe, na wewe ndiwe utakayeulizwa.

Wabillahi tawfiq.